Waya Uliokataa Kuuma: Jinsi ya Kutafuta Kosa Katika Ua wa Umeme wa Betri

Leo nataka kuwaeleza habari za waya mmoja uliokataa kuuma. Yamkini mtacheka, mkisema kwamba waya usiouma ndio waya mwema. Lakini waya huu tuliuweka makusudi ili uume, na ulipoacha kuuma, watu kumi na wawili walikuwa karibu kupoteza chakula chao, na jambo baya kuliko hilo lilikuwa karibu kutendeka. Nitawasimulia yaliyotupata, kisha nitawaonyesha njia tuliyoifuata hata tukalipata kosa. Maana njia hiyo yafaa kwa kila chombo cha umeme, kikubwa kwa kidogo.

Mimi ni mwalimu wa chuo cha ualimu, na nyumbani kwangu si mbali na Mwigobero, hapa mjini Musoma. Aliyefika Mwigobero apajua: pana mwalo wa mitumbwi, na soko la samaki na dagaa na ndizi; mbele yako ni Ziwa Victoria, na kandokando yamesimama majabali makubwa ya mawe. Katika ziwa hilo wamo viboko. Mchana hukaa majini wakipumua taratibu, wakiacha masikio na pua tu juu ya maji. Usiku hupanda nchi kavu kutafuta majani. Kiboko mzima aweza kula majani yapata kilo 40 kwa usiku mmoja. Bustani ya mboga kwake ni karamu aliyoandaliwa na watu asiowajua.

Nje kidogo ya soko, akina mama kumi na wawili walikuwa na bustani yao ya mchicha, sukuma wiki, nyanya na vitunguu. Hawakulima ukingoni mwa ziwa, kwa kuwa Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 yakataza kazi za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa maji; bustani yao ilikuwa juu zaidi. Lakini kiboko hajui kupima mita. Basi mwezi wa tatu akina mama wale walinijia, nami nikawaita wanafunzi wangu wa sayansi, tukajenga ua wa umeme wa betri. Ulifanya kazi vizuri masika yote. Katikati ya mwezi wa nane, kiboko alipita katikati ya ua ule kama apitaye mlango wa nyumba yake.

JINSI MASHINE IFANYAVYO KAZI

Kabla ya kutafuta kosa, yafaa mtu ajue kwanza jinsi chombo kinavyotakiwa kufanya kazi. Fundi asiyejua uzima hawezi kuujua ugonjwa.

Betri yetu ilikuwa ya pikipiki, yenye volti 12. Volti ni kipimo cha msukumo wa umeme. Msukumo wa volti 12 ni mdogo. Ukishika ncha mbili za betri hiyo kwa mikono mikavu hutasikia kitu. Kiboko mwenye ngozi nene hawezi kuusikia kabisa. Kwa hiyo hatuna budi kuuongeza msukumo huo hata ufike maelfu ya volti, na kazi hiyo hufanywa na koili, yaani ile koili ya gari iwashayo moto katika plagi.

Ndani ya koili mna nyaya mbili zilizozungushwa juu ya chuma kimoja. Waya wa kwanza ni mnene, na mizunguko yake ni michache. Waya wa pili ni mwembamba kama unywele, na mizunguko yake yaweza kuwa mara mia ya ile ya kwanza. Umeme wa betri ukipita katika waya wa kwanza, chuma chageuka kuwa sumaku. Ukikatwa ghafula, nguvu ya sumaku yaanguka mara moja, na kule kuanguka kwake ndiko kunakozaa msukumo mkubwa katika waya wa pili. Angalieni neno hili: si umeme kupita kunakozaa msukumo huo, bali kukatwa kwake. Umeme utulivu wa betri, hata ukipita mchana kutwa, hautoi cheche moja katika waya wa pili.

Kanuni hii aliigundua Mwingereza Michael Faraday mwaka 1831. Mwaka 1836 padri mmoja wa Ireland, Nicholas Callan, aliyekuwa mwalimu katika chuo cha Maynooth, alitengeneza koili ya namna hii na kuifanyia majaribio. Inasimuliwa kwamba mwanafunzi wake mmoja, William Walsh, aliyekuja kuwa Askofu Mkuu wa Dublin, alizimia kwa pigo la umeme katika majaribio yake. Nawakumbusha habari hiyo ili msidharau kazi hii kwa sababu chanzo chake ni betri. Karne iliyofuata, katika miaka ya 1930, Bill Gallagher, mkulima wa New Zealand, alitumia umeme kumfukuza farasi wake aliyependa kujisugua kwenye gari, na kutokana na hila hiyo akaanza kutengeneza mashine za ua wa umeme.

Katika mashine yetu, mota ndogo yazunguka pole pole, mzunguko mmoja kwa sekunde moja. Juu yake pana kijino kimoja, kifungacho na kufungua platini, kama waziitavyo mafundi wa magari. Nazo ni vipande viwili vya madini vinavyogusana na kuachana. Zikigusana, umeme waingia katika koili. Zikiachana, wakatwa, na waya wa ua wapigwa na msukumo mkubwa. Kando ya platini tumeweka kondensa, ili umeme usiruke kati yake kwa cheche na kuziunguza. Kati ya betri na koili pana fyuzi ya ampea 5. Ncha moja ya waya wa pili imefungwa kwenye waya wa ua. Ncha nyingine imefungwa kwenye nondo iliyochimbiwa ardhini.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo penye kiini cha habari yetu. Umeme hauendi safari ya kwenda tu; sharti urudi ulikotoka. Watoka katika koili, wapita katika waya wa ua, waingia katika mwili wa mnyama aliyegusa waya, washuka miguuni mwake, wapita ardhini, waingia katika nondo, warudi katika koili. Ni duara moja. Duara likikatika mahali popote, mnyama hasikii kitu, hata mashine ikiwa nzima kama siku iliyotengenezwa.

SHAURI BAYA

Asubuhi ile tuliwakuta akina mama wamesimama kati ya mashina ya mchicha yaliyokanyagwa. Robo ya bustani ilikuwa imekwisha. Kijana mmoja, mtoto wa mmoja wao, ambaye amejifunza kidogo kazi ya kufunga taa, akanijia, akasema, "Shikamoo, Mwalimu. Mimi naona betri hii ni mchezo wa watoto. Nyumba ile pale ina umeme wa gridi. Tuvute waya mmoja tu, tuufunge kwenye ua. Kiboko hatarudi tena."

Nikamjibu, "Marahaba, mwanangu. Na mtoto atakayepita hapa alfajiri kwenda kuchota maji, yeye atarudi?"

Akanyamaza, lakini niliona kwamba wengine wameanza kulipenda shauri lake, kwa sababu walikuwa na uchungu. Kwa hiyo niliwaeleza, na nawaeleza ninyi nanyi. Umeme wa nyumbani una msukumo wa volti 230 tu, nao ua wetu una maelfu ya volti. Mtu asiyejua atasema kwamba ua ndio wenye hatari kubwa zaidi. Sivyo. Tone la maji liangukalo kutoka juu ya mwembe laweza kukushtua shingoni, lakini halikuzamishi. Bali mto ufikao kifuani waweza kukuchukua. Pigo la ua hudumu kwa muda mfupi mno, kasoro ya sehemu ya mia moja ya sekunde, kisha panakuwa na kimya cha sekunde nzima, na mtu hupata nafasi ya kuondoa mkono. Tena nguvu iliyomo katika pigo moja ni ndogo. Kanuni za kimataifa zinaziwekea mashine za ua mpaka wa jouli 5 kwa kila pigo, nayo koili ya gari hutoa kidogo sana kuliko hapo. Lakini umeme wa nyumbani haunyamazi. Humkaza mtu misuli hata asiweze kuachia waya, na mkondo wa sehemu chache za mia za ampea moja ukipita kifuani waweza kuuvuruga moyo mpaka ukasimama. Watu wamekufa kwa nyua za namna hiyo, wengine wakiwa wenye ua wenyewe.

Mama aliyekuwa kiongozi wao akasema, "Tumekusikia, Mwalimu. Lakini Jumamosi ni siku yetu ya kupeleka mboga sokoni, na leo ni Alhamisi. Kiboko akirudi usiku huu na kesho, hatutakuwa na cha kupeleka. Twakupa muda mpaka kesho jioni."

Basi tulikuwa na siku mbili. Kama tusingelipata kosa, sijui kama maneno yangu yangeshinda waya wa kijana yule.

KUTAFUTA KWA MPANGO

Mtu mwenye haraka hushika kila kitu kwa pamoja: hubadili betri, hukaza skrubu, husugua platini, huhamisha nyaya, kisha asijue ni lipi lililoponya na lipi lililoharibu. Sisi tuliweka sheria mbili. Kwanza, tubadili kitu kimoja tu kwa mara moja, kisha tupime. Pili, tuanzie penye nguvu, yaani kwenye betri, tulifuate duara mpaka mwisho, wala tusiruke kituo.

Tena tuliweka sheria ya usalama iliyo kubwa kuliko hizo. Kabla ya mkono wa mtu kugusa kitu chochote, fyuzi hutolewa na kuwekwa mfukoni mwa mwalimu. Kisha waya wa ua huguswa kwa kipande cha chuma chenye mpini wa mti mkavu, kilichounganishwa na nondo ya ardhi, ili umeme uliobaki utoke. Kondensa yaweza kuweka umeme hata baada ya mashine kuzimwa, kama mtungi uwekavyo maji baada ya mvua kukatika. Na hakuna aliyefanya kazi peke yake.

Kituo cha kwanza: betri. Tuliipima kwa mita, ikaonyesha volti 12.5. Lakini betri ipimwayo bila kazi ni kama mtu ajisifuye nguvu kabla ya kubeba mzigo. Kwa hiyo tuliipima tena mashine ikifanya kazi, ikashuka kidogo tu hata volti 12.1. Kama ingeanguka chini ya 11, tungejua kwamba imechoka. Tuliangalia pia vichwa vyake, tukaona unga mweupe katika kichwa kimoja, tukaufuta, tukakaza. Wanafunzi wawili walikuwa wametaka tununue betri mpya. Fedha hizo zingepotea bure.

Hapa niongeze onyo. Betri ya asidi ikichajiwa hutoa hewa iwakayo moto, na cheche moja yaweza kuipasua. Usiiweke mashine itoayo cheche juu ya betri, wala usivute sigara karibu nayo. Na asidi ikikurukia machoni, osha kwa maji mengi pasipo kukawia, kisha nenda hospitali.

Kituo cha pili: platini. Mota ilikuwa ikizunguka na kulia "ta, ta, ta" kama kawaida. Sauti hii huwadanganya wengi, kwa maana mota yaweza kuzunguka na platini zisigusane. Zikishikamana zisiachane, ni vibaya zaidi: umeme hupita daima, kiasi cha ampea 4 katika koili yetu, na betri ndogo ya ampea-saa 7 humalizika kabla ya saa mbili kupita, na koili huwaka moto, na ua hauna hata pigo moja. Tulizikuta zimekuwa nyeusi kidogo. Tukazisugua kwa msasa laini, tukazifuta vumbi.

Kituo cha tatu: koili. Tuliiondoa katika nyaya zake, tukapima ukinzani. Waya wa kwanza ulionyesha omu 3, waya wa pili omu elfu kadhaa. Mita ingeonyesha kwamba hakuna njia kabisa, tungejua kwamba waya umekatika ndani.

Kisha tukaufungua waya wa ua kutoka katika mashine, ili tujue kosa liko upande gani. Hii ni hila nzuri sana, nawaomba mwikumbuke: ukiweza kukata chombo vipande viwili na kupima kimoja, umejiondolea nusu ya kazi. Tulikuwa na ubao mkavu wenye misumari miwili iliyotazamana, nafasi kati yake milimita 5. Tukaunganisha msumari mmoja na tundu la ua, mwingine na tundu la ardhi, tukarudi nyuma, tukawasha. Kila sekunde cheche ya buluu iliruka kutoka msumari hata msumari, kwa mlio mkali. Hewa ni kizuizi kikubwa cha umeme. Cheche haiwezi kuruka nafasi kama ile pasipo msukumo wa maelfu ya volti. Basi mashine ilikuwa nzima.

Msijaribu kamwe kupima msukumo huu kwa mita ya kawaida ya fundi. Mita nyingi zina mpaka wa volti 600 au 1,000. Ua utaiua mita, na mshikaji wake hatafurahi. Wala msiwashe koili bila kuipa mahali pa kutolea cheche; nguvu isipopata njia nje hujitafutia njia ndani, ikatoboa kizuizi cha waya, na koili ikawa imekufa.

REDIO YAWA MBWA WA KUNUSA

Jua lilikuwa limekwisha kuchwa. Tukarudisha waya wa ua katika mashine, tukachukua redio ndogo ya mkononi. Tukaiweka katika masafa ya kati, mahali pasipo na stesheni, tukatembea kandokando ya ua, bila kuugusa. Kila palipokuwa na cheche iliyofichika, redio ililia "tap, tap", na kadiri tulivyokaribia ndivyo ilivyolia kwa nguvu. Sababu yake ni kwamba kila cheche hutoa mawimbi kama ya redio; ndiyo maana radi nayo huleta makelele redioni.

Mahali pa kwanza tulikuta majani marefu yameulalia waya. Mahali pa pili, kipande cha mpira tulichokitumia kuzuia waya usiguse nguzo kilikuwa kimepasuka kwa jua, na nguzo yenyewe ilikuwa ya mti mbichi uliochipua. Kila pigo la mashine lilikuwa likivujia hapo. Tukazima, tukakata majani, tukaweka kizuizi kipya cha plastiki.

Tulifurahi, tukadhani kazi imekwisha. Lakini sheria yetu ilikuwa kupima kila mara. Tukauleta ubao wetu mwisho wa ua, tukasogeza misumari mpaka nafasi ikawa milimita 2. Msumari mmoja tukauunganisha na waya wa ua, mwingine na chuma kilichochomekwa udongoni, kama mguu wa kiboko. Tukawasha. Hapakuwa na cheche. Usiku ule akina mama walilala bustanini kwa zamu, wakipiga madebe, na kiboko alikoroma gizani wala hakukaribia.

MWANAFUNZI ALIYEUMWA NA NONDO

Asubuhi ya Ijumaa tulikaa chini ya mti kufikiri. Mwanafunzi mmoja, mpole wa maneno, akasema, "Samahani, Mwalimu. Siku nne zilizopita nilipokuwa ning'oa magugu karibu na mashine, niligusa ile nondo ya ardhi, ikanipiga. Nilidhani nimegusa waya kwa bahati mbaya, nikaona haya kusema."

Nilimwambia kwamba haya yake ilikuwa karibu kutugharimu bustani, kisha nikamsifu, maana alikuwa ameleta ufunguo. Nondo ya ardhi haipaswi kumpiga mtu. Ikimpiga, maana yake ni kwamba umeme umeifikia ukitaka kurudi, lakini hauoni njia rahisi kati ya udongo na nondo, nao watafuta njia nyingine, hata kupitia mkono wa mtu. Siku zile majani yalikuwa yakivujisha umeme mwingi ardhini, ndiyo maana nondo ilikuwa na nguvu ya kuuma.

Ili tuhakikishe, tulifanya jaribio moja. Tulichukua waya mrefu mpya, tukaunganisha ncha moja na tundu la ardhi la mashine, tukaukokota mpaka mwisho wa ua, na ncha ya pili tukaifunga kwenye ule msumari uliokuwa ardhini. Tukawasha. Cheche ikaruka papo hapo! Waya wa ua ulikuwa mzima, mashine ilikuwa nzima. Kilichopungua ni njia ya kurudi nyumbani. Ardhi ndiyo iliyokuwa imekatika.

Na kwa nini iliacha wakati huo? Kumbukeni kwamba tulijenga wakati wa masika, udongo ukiwa umelowa. Udongo hupitisha umeme kwa maji yaliyomo, pamoja na chumvi zilizoyeyuka humo. Mwezi wa nane ni kiangazi. Mchanga wetu ulikuwa umekauka, na chini yake, kama mahali pengi pa Musoma, pana jabali, nalo jabali kavu halipitishi umeme. Nondo yetu ilikuwa moja tu, fupi kama mkono wa mtu, yenye kutu, tena ilikuwa imesimama mahali palipo pakavu kuliko pote, kwa sababu tulitaka mashine isilowe. Tulikuwa tumeitunza mashine na kuinyima ardhi.

Tukamwaga ndoo mbili za maji penye nondo ile, tukapima kwa chuma kilichochomekwa katika tuta lililomwagiwa maji: cheche ikaonekana, ingawa ni dhaifu. Basi hapakuwa na shaka tena.

DAWA YAKE

Kwanza tuliihamisha njia ya ardhi. Upande wa chini wa bustani, maji ya kumwagilia yanakotiririkia, udongo ni mweusi na wenye unyevu mwaka mzima. Hapo tulipigilia mabomba matatu ya chuma yaliyopakwa zinki, kila moja urefu wa mita 2, yakipishana mita 3, tukayaunganisha yote kwa waya wa namna moja nayo na vibanio vilivyokazwa sana. Tulijihadhari yasiwe karibu na waya wa ardhi wa nyumba yoyote. Yafaa pawe na mita 10 au zaidi.

Pili, chini ya waya wa kuuma tuliongeza waya mwingine, nao tukauunganisha na mabomba hayo badala ya koili. Mnyama akigusa nyaya zote mbili, duara hufungika ndani ya mwili wake, hata miguu yake ikiwa juu ya mchanga mkavu. Hila hii ya waya wa kurudi hutumiwa katika nchi kavu nyingi.

Tukapima tena mwisho wa ua. Cheche ilikuwa kali. Tukabandika vibao vya manjano vyenye maandishi makubwa: HATARI, UA WA UMEME. Fyuzi hutolewa alfajiri kabla ya watoto kupita, na hurudishwa jioni.

Usiku ule tulikaa mbali, tukisikiliza. Baada ya saa tano tulisikia hatua nzito, kisha mkoromo mmoja mkubwa, kisha kishindo cha mnyama akimbiaye kuelekea ziwani. Asubuhi nyayo zake zilikuwa zimefika kwenye waya na kugeuka. Jumamosi mboga zilikwenda sokoni Mwigobero, si nyingi kama zamani, lakini zilikwenda. Kijana yule wa waya wa nyumba ndiye aliyeyabeba mafungu ya kwanza, naye ndiye tuliyemkabidhi mita na ubao wa misumari.

MANENO YA MWISHO

Nawaachieni mambo machache ya kushika. Msitumie waya wa miba katika ua wa umeme, maana mtu aweza kunaswa humo na kupigwa mara nyingi. Msiunganishe mashine mbili kwenye ua mmoja, kwa sababu mapigo yatakosa kimya kati yake. Betri ikichajiwa kwa umeme wa nyumbani, iondoeni kwanza katika ua. Mawingu ya radi yakianza kukusanyika juu ya ziwa, na ninyi mwajua jinsi radi za ziwa letu zilivyo, zimeni mashine na kuufungua waya wa ua mapema, msingoje matone. Mtu mwenye chombo cha umeme kifuani cha kusaidia moyo asikaribie kabisa. Na ua upitao kando ya njia ya watu wengi usitegemee mashine ya wanafunzi. Inunuliwe mashine iliyotengenezwa kwa kanuni. Huko Kenya, ua wa umeme wa milima ya Aberdare, wenye urefu wa kilomita zipatazo 400, ulikamilika mwaka 2009, nao hulindwa na watu waliowekwa kuutazama daima, maana jani moja au nguzo moja iliyoanguka yatosha kuudhoofisha.

Katika kibanda cha mashine yetu tumetundika karatasi yenye maneno haya: Betri. Fyuzi. Platini. Koili. Waya. Majani. Ardhi. Chini yake mwanafunzi yule mpole ameongeza kwa mkono wake: "Ukiumwa mahali usipotazamia, sema." Nami sikumfutia.